Dagaa, mapanki na funza: malighafi ya chakula cha mbwa itoke wapi?

Msomaji wetu wa Nyegezi, Mwanza, anauliza: "Napika chakula cha mbwa na paka nyumbani, nakikausha, nakisaga na kukiuza kwenye mifuko ya kilo mbili. Natumia dona, dagaa, steki ya ng'ombe na karoti. Siku hizi wateja wananiuliza kama chakula hiki hakiharibu mazingira. Mmoja ameniambia niache kabisa vitu vya nyama, mwingine anasema niingie kwenye funza. Nibadilishe nini, na je, naweza kuandika 'rafiki wa mazingira' kwenye mfuko?"

Ndugu msomaji, tuanze na hiyo steki, kwa sababu katika vyote vilivyomo kwenye sufuria yako ndiyo inayogharimu mazingira kuliko kingine, na ndiyo ambayo mbwa anaihitaji kidogo kuliko mteja wako anavyodhani. Ng'ombe hucheua, na katika kucheua hutoa gesi ya methani ambayo hupasha anga joto mara nyingi zaidi ya hewa ukaa kwa uzito uleule. Tena huhitaji eneo kubwa la malisho na miaka kadhaa kabla ya kufika machinjioni. Mbwa aliyekwisha kukua anahitaji chakula ambacho protini yake, ukikipima kikiwa kikavu, haipungui asilimia 18, na mtoto wa mbwa asilimia 22.5, kwa mujibu wa viwango vya AAFCO, chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya wanyama, vinavyotumiwa Marekani na kuigwa na watengenezaji wengi. Hakuna mahali viwango hivyo vinaposema protini hiyo itoke kwenye steki. Mwili wa mbwa hauitambui steki, unazitambua amino asidi, yaani vipande vidogo vinavyounda protini, na ukimpa protini kupita mahitaji yake ziada hugeuzwa kuwa nishati au mafuta na nitrojeni yake ikamwagwa kwenye mkojo.

Ulaji huu si jambo dogo kwa kipimo cha dunia. Mwaka 2017 Gregory Okin, mwanajiografia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikadiria kwamba mbwa na paka wa Marekani wangehesabiwa kuwa nchi, wangeshika nafasi ya tano duniani kwa ulaji wa nyama. Makadirio hayo yalishtua wengi, lakini yalikosolewa pia, na ukosoaji wake ndio unaokuhusu wewe: yaliihesabu nyama inayoingia kwenye mifuko ya chakula cha mbwa karibu sawa na nyama ya mezani, ilhali sehemu kubwa ya kinachosagwa viwandani ni mapupu, bandama, vichwa na mifupa, yaani vitu ambavyo Mmarekani wa kawaida havili. Ng'ombe hafugwi kwa ajili ya mapupu. Kama mbwa asingeyala, ng'ombe yuleyule angefugwa na kuchinjwa vilevile, na mapupu yangefukiwa.

Kwa hiyo kipimo ninachokushauri ukitumie kwa kila malighafi ni swali hili: kama mbwa asingekula kitu hiki, kingeliwa na nani, au kingeozea wapi? Jibu la Chicago na jibu la Mwanza hayafanani hata kidogo, na hapo ndipo ushauri mwingi unaousoma mtandaoni unapokupoteza. Wakikuambia "tumia mabaki ya machinjioni," wanasahau kwamba hapa kwetu utumbo una supu yake asubuhi, makongoro yana wateja wake, mapupu hukaangwa, kichwa hupikwa, na katika miji mikubwa hata utumbo na miguu ya kuku huuzwa kwenye sinia kando ya barabara. Ukienda machinjioni na kununua vitu hivyo kwa wingi kwa ajili ya mbwa, hujaokoa taka. Umepandisha bei ya kitoweo cha mtu asiyeimudu steki.

Mfano ulio wazi zaidi uko mlangoni pako. Viwanda vya minofu ya sangara huchukua minofu, ambayo kwa kawaida haifiki nusu ya uzito wa samaki, na kinachobaki ni kichwa na uti wa mgongo wenye nyama kidogo: mapanki, ambayo ndugu zetu wa Kisumu huyaita mgongo wazi. Kwenye karatasi ya mtaalamu wa Ulaya mapanki ni taka. Mtaani Mwanza ni chakula, hukaushwa au kukaangwa na kuuzwa, na mabondo, yaani vibofu vya hewa, ya samaki huyohuyo husafirishwa hadi China kwa bei inayoshinda minofu yenyewe. Ukitaka mapanki kwa ajili ya paka, chukua yale yaliyokwanguliwa kiasi kwamba hakuna tena mama lishe anayeyataka, na uyasage pamoja na mifupa yake iliyopikwa hadi ikalainika, kwa kuwa hapo utapata kalsiamu na fosforasi kwa pamoja.

Sasa dagaa, na hapa nitakaa kidogo. Kwa uzito, dagaa ndio samaki wanaovuliwa kwa wingi kuliko wote katika Ziwa Victoria, na kibaiolojia si malighafi mbaya: ni samaki wa maisha mafupi, huzaliana haraka na hukaushwa kwa jua bila umeme. Mwenye kuangalia ikolojia peke yake angekuambia uendelee nao. Mimi nasita kwa sababu nyingine. Dagaa mkavu, ambaye zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, huliwa mzima pamoja na kichwa na mifupa, na hivyo humpa mtoto kalsiamu, chuma, zinki na vitamini B12 kwa bei ambayo hakuna nyama inayoifikia. Sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa hilo tayari inakwenda kwenye vyakula vya kuku na samaki wa kufugwa, Tanzania, Kenya na Uganda, na kila kiwanda kinachoongeza oda kinashindana na kikapu cha mama sokoni. Sikuambii uwaache kabisa. Nakuambia uwatumie kama kiungo badala ya kuwatumia kama msingi. Ukinunua, waulizie dagaa waliovunjikavunjika, ambao ni vigumu kuwauza kwa mlaji, lakini uwakague: dagaa walioanikwa chini badala ya kwenye chanja hubeba mchanga mwingi, na utakuwa unalipia protini na kuuza changarawe.

Kama mabaki mazuri yote yana wenyewe, ni kipi basi kisicho na mwenyewe? Kwa uzoefu wangu, ni vitu vitatu. Cha kwanza ni damu, ambayo Waislamu hawaili na Wakristo wengi, Wasabato wakiwamo, hawaigusi, na kwenye machinjio mengi humwagwa mtaroni na kuishia kuchafua maji. Damu iliyochemshwa, ikakaushwa na kusagwa ina protini nyingi kuliko dagaa na ina lisini tele, ambayo ndiyo amino asidi inayokosekana kwenye mahindi. Lakini ina upungufu wa amino asidi nyingine iitwayo isolusini na mbwa wengi hawapendi ladha yake ikizidi, kwa hiyo isivuke kilo tatu au nne katika kila kilo mia za chakula kikavu. Cha pili ni mabaki ya wachinjaji wa kuku wa kisasa ambayo soko halikuyamaliza siku ile. Usiulize wanauza nini, uliza wanatupa nini. Cha tatu ni taka za sokoni na za jikoni, ambazo mbwa wako hawezi kuzila, lakini funza anaziweza.

Funza wanaozungumzwa na mteja wako ni wa nzi askari mweusi, ambaye wafugaji wengi hapa humwita kwa herufi BSF. Nzi mwenyewe haumi na hazungukii vyakula vya watu kama nzi wa nyumbani. Akishakuwa mkubwa huishi siku chache tu, akataga na kufa. Lava wake, yaani hao funza, hula kwa takriban wiki mbili, na wakikaushwa wana protini ya karibu asilimia 40 na mafuta yanayoweza kufika asilimia 30. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimefanya kazi kubwa ya kuwafundisha wafugaji wa ukanda huu namna ya kuwakuza. Umoja wa Ulaya uliruhusu protini ya wadudu kwa samaki wa kufugwa mwaka 2017 na kwa kuku na nguruwe mwaka 2021, na mwaka huohuo wa 2021 Marekani ikakubali lava wa nzi huyu kuwa kiambato cha chakula cha mbwa waliokwisha kukua.

Hata hivyo, sifa za funza hazitoki kwa funza mwenyewe, zinatoka kwa anachokula. Sheria za Ulaya, kwa tahadhari iliyobaki tangu ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, haziruhusu kumlisha mabaki ya jikoni wala samadi, kwa hiyo huko mara nyingi hulishwa pumba na mabaki ya nafaka ambayo nguruwe angeyala moja kwa moja, tena ndani ya majengo yanayopashwa joto kwa sababu lava hustawi kwenye nyuzi joto 27 hadi 30. Faida nyingi ya mazingira hupotelea hapo. Wewe una joto la bure na una taka za soko zinazooza. Hiyo ndiyo hoja ya kweli ya kuingia kwenye funza ukiwa Mwanza, wala si kwa sababu mtindo huu umeanza Ulaya.

Lakini piga hesabu kabla hujajenga mabanda. Funza wabichi ni maji kwa karibu theluthi mbili, kwa hiyo kilo moja ya wakavu inahitaji kilo tatu za wabichi, na kilo hizo tatu zinaweza kula taka mbichi za kilo 20 au zaidi. Ukitaka kilo 12 za funza wakavu kwa kila kilo mia za chakula, jiandae kupokea, kuchambua na kusimamia taka zisizopungua kilo 240, karibu robo tani. Uchambuzi huo si wa hiari, kwa sababu lava hawa hujilimbikizia kadmiamu, metali yenye sumu, mwilini, na taka iliyochanganyika na betri au rangi itafika kwenye maini ya mbwa. Ukiwavuna, wachovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache kabla ya kuwaanika, ili kuua vimelea walivyovitoa kwenye taka. Matumbo ya samaki, ambayo huharibika haraka na kunuka, ni bora uwape funza kuliko kuyatia sufuriani: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulionyesha kwamba funza waliochanganyiwa mabaki ya samaki katika samadi walipata mafuta ya omega-3 ambayo wenzao wa samadi tupu karibu hawakuwa nayo.

Jambo moja la kitaalamu usiliruke. Maabara hupima protini kwa kupima nitrojeni na kuizidisha kwa 6.25. Ganda la funza lina kaitini, ambayo nayo ina nitrojeni ingawa si protini, na hivyo kipimo hicho huonyesha protini zaidi ya iliyopo. Watafiti wamependekeza kizidisho cha 4.76 kwa funza wazima. Muuzaji akikuonyesha cheti chenye asilimia 45, mwulize ametumia kizidisho kipi.

Kuhusu ushauri wa kuacha vitu vya nyama kabisa, jibu langu linatofautiana kwa mbwa na kwa paka. Mbwa anaweza kuishi vizuri kwa chakula chenye nyama kidogo sana kama amino asidi zimepangwa kwa uangalifu: lisini ya soya hufidia upungufu wa mahindi, na methionini ya mahindi, dagaa na funza hufidia upungufu wa soya. Soya ikaangwe au ichemshwe, kwa sababu ikiwa mbichi ina vizuizi vinavyoharibu usagaji wa protini tumboni. Inayolimwa na wakulima wadogo wa Nyanda za Juu Kusini haina lawama ya kukata misitu inayoelekezwa kwa soya ya Amerika Kusini. Nakusihi usivutiwe na mashudu ya pamba, ingawa kanda yako imejaa viwanda vya kuyatoa na bei yake ni nafuu: yana gosipoli, sumu ambayo ng'ombe huivumilia na mbwa haivumilii. Mashudu ya alizeti hayana sumu hiyo, ila yana makapi mengi, na mbwa atayatoa kama alivyoyaingiza.

Paka ni mnyama mwingine kabisa. Hawezi kujitengenezea taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki, kwa kiasi cha kutosha, na akiikosa kwa muda mrefu huweza kupofuka au moyo wake ukatanuka na kushindwa kazi. Uhusiano huo na moyo ulithibitishwa na daktari wa mifugo Paul Pion na wenzake mwaka 1987. Mimea haina taurini ya maana. Kwa hiyo kwa paka endelea na samaki, tena usimwage supu, kwa kuwa taurini huyeyuka kwenye maji ya kupikia. Kwa bahati njema paka wa kilo nne hula kidogo, na hao dagaa utakaowapunguza kwa mbwa watatosha kundi kubwa la paka. Protini kwa paka mkubwa isishuke chini ya asilimia 26, na hii ina maana kwamba huwezi kuuza mchanganyiko mmoja kwa wote wawili kama, nahisi, unavyofanya sasa.

Ukiniomba mfano wa kuanzia kwa mbwa waliokwisha kukua, ningechukua, kwa kila kilo mia zikiwa kavu, dona na chenga za mchele kilo 52, soya iliyokaangwa kilo 15, funza kilo 12, dagaa kilo 8, mabaki ya kuku yaliyopikwa na kukaushwa kilo 8, na kilo 5 zilizobaki ziwe mboga, chumvi kidogo na mchanganyiko wa vitamini na madini unaouzwa kwa ajili ya mbwa. Kwa hesabu ya mkono hapo unapata protini ya asilimia 22 hadi 23 bila gramu ya steki, na dagaa wakiwa chini ya kumi kwa mia. Usiongeze unga wa maganda ya mayai kwa mazoea, kwa kuwa funza hawa tayari wamebeba kalsiamu nyingi, na uwiano wa kalsiamu kwa fosforasi unapaswa kubaki kati ya moja kwa moja na mbili kwa moja. Peleka sampuli Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, au kwa Wakala wa Maabara ya Veterinari kabla ya kuuza mfuko wa kwanza. Kwa watoto wa mbwa usiutumie kabisa hadi upate majibu.

Kuna hatari mbili zinazokuja na kutafuta malighafi za bei ndogo. Mahindi yenye ukungu hubeba sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na mbwa huathirika nayo upesi kwenye ini. Kupika hakuiondoi, na hujikusanya zaidi kwenye pumba kuliko kwenye sembe, kwa hiyo yule anayekuambia ubadilishe dona kwa pumba ili uokoe chakula cha watu anakupa uendelevu wenye kaburi. Hatari ya pili iko kwenye ini na mapupu ya machinjioni yenye vifuko vya maji: hivyo ni viluwiluwi vya minyoo tegu ya mbwa, ambao wamewasumbua sana watu wa Turkana na jamii nyingine za wafugaji. Mbwa akivila vibichi hupata minyoo, na mayai yake kwenye kinyesi humrudia binadamu. Nyama iliyokataliwa na mkaguzi usiinunue hata kwa bure, na iliyokubaliwa uipike hadi ndani.

Na hapa kwenye kupika ndipo ninapodhani umesahau kupima. Dada, hujaniambia unatumia nishati gani. Kama sufuria inatokota kwa saa tatu juu ya mkaa kila siku, basi unaweza kubadilisha kila kilichomo ndani na bado msitu ukawa malighafi yako kubwa kuliko zote. Kata vipande vidogo, funika, pika mara mbili kwa wiki kwa wingi, tumia gesi au mkaa wa pumba za mpunga, na ukaushe kwa jua kwenye chanja zilizofunikwa kwa karatasi ya nailoni. Kuuza kikavu kwenyewe ni jambo jema: utafiti wa Brazil wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba mbwa wa kilo kumi anayelishwa chakula cha majimaji cha viwandani huambatana na gesijoto zinazolingana na kilo 6,541 za hewa ukaa kwa mwaka, na anayelishwa kikavu kilo 828.

Nyuma ya mfuko chapa pia kipimo cha kulisha. Mbwa wa kilo 20 asiye na kazi nzito anahitaji takriban kilokalori 1,000 kwa siku, ambazo kwa chakula kikavu ni chini kidogo ya gramu 300, na wateja wanaouliza habari za mazingira, kwa jinsi ninavyowaona kliniki, ndio hasa wenye mbwa wanene.

Maneno "rafiki wa mazingira" usiyaandike, kwa kuwa hakuna anayeweza kuyapima. Andika yanayopimika: "Hakina nyama ya steki. Dagaa asilimia 8. Funza waliolishwa taka za soko asilimia 12. Kimekaushwa kwa jua." Ukipika kwa mkaa, andika na hilo, au subiri hadi utakapoacha.